Chanuo la Simba

Akina mama wenzetu, mwangaluka! Ndivyo tunavyoamkiana asubuhi huku Usoke, na kwa kuwa ukurasa huu tunauandika kabla jua halijapanda sawasawa, salamu hiyo inafaa.

Mwezi uliopita tuliongea juu ya kuhifadhi maharage yasitobolewe, tukaahidi kwamba safari hii tutaendelea na karanga. Mtuwie radhi, karanga zitangoja. Tumepata barua ya mama mmoja ambaye mumewe ameleta nyumbani mbwa wa kizungu mwenye manyoya mengi kama kondoo. Anasema mbwa ananuka, manyoya yametapakaa hadi kwenye sufuria, watoto wanamkumbatia kutwa, na yeye mama ndiye anayeulizwa kila neno. Anataka kujua mambo mawili: je, amwogeshe kila juma? Na je, ni vema amnyoe manyoya yote ili asisikie joto? Mwisho wa barua ameongeza kwa maandishi madogo kwamba anaona aibu kuuliza habari za mbwa katika ukurasa wa akina mama.

Asione aibu. Sisi tulinyamaza kwa aibu hiyo hiyo, na kunyamaza kwetu nusura kutugharimu mtoto.

Mbwa wetu anaitwa Simba. Alitoka Tabora mjini, kwa mfanyakazi mwenzake baba watoto aliyehamishiwa Dar es Salaam akashindwa kusafiri naye. Mama yake ni wa aina ile ya mbwa wa polisi, German Shepherd. Baba yake hajulikani, ila bila shaka alikuwa na manyoya marefu, maana Simba ana singa shingoni kama simba dume, mkia kama ufagio, na miguu ya nyuma utadhani imevaa suruali. Siku alipofika, watoto wa jirani walikimbia.

Mbwa wa huku kwetu, wale wanaofuatana na wachunga ng'ombe na warina asali, wana manyoya mafupi yaliyolala juu ya ngozi. Mvua ikiwanyeshea wanajikung'uta mara mbili, wamekauka. Hatujapata kumwona mwanamke wa Usoke akimchana mbwa. Si kwamba mbwa wa manyoya hawakupata kuonekana katika safari za zamani. Dakta Livingstone, yule aliyekaa Kwihara karibu na Tabora mwaka 1872, miaka michache kabla yake alisafiri na mbwa wa aina ya poodle, mwenye manyoya yaliyojikunja, jina lake Chitane. Livingstone aliandika kwamba mbwa huyo alijifanya msimamizi wa msafara: alikimbia mbele kumwona wa kwanza, akarudi nyuma kumbwekea wa mwisho. Alikufa maji Januari 1867 wakivuka bwawa, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Tulipoisoma habari hiyo tulimwangalia Simba. Tabia ni ile ile.

Basi, Simba tulimtunza kama tulivyojua: ugali na dagaa, maji safi, kufungwa mchana na kufunguliwa usiku. Manyoya tulimwachia mwenyewe.

Ukafika mwezi wa tatu. Mama anayeishi katika nchi ya tumbaku anajua mwezi wa tatu ulivyo. Majani yameiva, mvua bado inanyesha, na nyumba nzima, wakubwa kwa wadogo, iko shambani au kwenye bani. Kazi ya jikoni inafanywa usiku. Simba alitufuata shambani kila siku na kurudi amejaa kishona nguo kuanzia kifuani hadi mkiani. Mnaijua mbegu ile inavyong'ang'ania kanga. Sasa fikirini inavyong'ang'ania manyoya. Mbegu moja ikishika, manyoya ya pembeni yanajizungusha juu yake. Tope linaingia, mvua inaloanisha, jua linakausha, na baada ya majuma mawili una fundo gumu kama kipande cha soli. Tuliyaona mafundo hayo. Tulikuwa na jibu moja: tumbaku ikiisha.

Harufu nayo tuliisikia. Tulisema ni harufu ya mbwa.

Jumamosi moja jioni mwanetu wa tatu, wakati ule ana miaka 9, alichukua chanuo letu na mkasi wa kushonea akamwendea Simba chini ya mwembe. Nia yake ilikuwa njema, alitaka kutufurahisha. Akalishika fundo lililokuwa nyuma ya sikio la kushoto, akavuta. Simba hakunguruma, hakutoa onyo. Aligeuka mara moja tu akauma, na meno mawili yakaingia penye nyama ya kidole gumba.

Simba hakuwa amepata kumwuma mtu hata siku moja. Ndiyo maana neno la kwanza lililosemwa uani, tena na mtu mzima mwenye akili zake, lilikuwa: huyu ana kichaa. Mama mkwe wetu aliitisha rungu. Majirani walijaa. Mmoja akasema tutie mafuta ya taa kwenye kidonda, mwingine akasema tumbaku iliyotafunwa, wa tatu akasema tufunge kitambaa tukaze sana ili sumu isipande. Sisi tulikuwa tumemkumbatia mtoto tumeduwaa.

Aliyetuokoa ni jirani mmoja, mama wa Kiislamu aliyekuwa nesi kabla ya kustaafu. Hakubishana na mtu. Aliagiza ndoo ya maji, kata, na mche wa sabuni ya kufulia, akatazama saa yake, akasema: osheni, msiache mpaka niwaambie. Tulimwaga maji juu ya kidonda huku tukisugua taratibu kwa sabuni kwa muda wa dakika 15 kamili. Dakika 15 ni nyingi, akina mama. Jaribuni kumshika mtoto anayelia muda huo wote. Lakini jirani alitueleza baadaye kwamba kirusi cha kichaa cha mbwa kinakaa katika mate, kina ganda la mafuta, na sabuni huliharibu ganda hilo. Mafuta ya taa, tumbaku na pilipili havifanyi kazi hiyo, huchoma nyama tu. Kukaza kitambaa nako hakusaidii. Yaani kitu cha thamani kuliko vyote siku ile kilikuwa mche wa sabuni uliokuwa juu ya karo.

Kisha akauliza swali lililotukata maini: kadi ya chanjo ya mbwa iko wapi? Ilikuwapo. Chanjo ya Simba ilikuwa imepita muda wake kwa miezi minne. Bwana mifugo alipokuja kijijini kuchanja, sisi tulikuwa kwenye bani.

Kituo cha kwanza tulichofika hakikuwa na sindano za kichaa cha mbwa. Tuliendelea hadi hospitali nyingine, tukafika saa tatu usiku, na hapo mtoto alichomwa sindano ya kwanza, tukapewa kadi ya siku za kurudi kwa sindano zilizobaki. Hatukuacha hata moja. Jambo hili tunalisema bila kuzunguka: kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, kwa kawaida hakuna kupona. Lakini sindano zikianza mapema, kabla ya dalili, ugonjwa unazuilika. Ndivyo ilivyo tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto wa Kifaransa wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa, na mtoto yule akaishi. Miaka 9, kama wa kwetu. Usiku ule hatukuyajua hayo. Tulijua tu kwamba tumechelewa miezi minne kwa jambo la asubuhi moja.

Asubuhi yake, Jumapili, bwana mifugo alikuja kwa baiskeli. Alimkuta mama mkwe bado ameshika rungu. Akamwambia kwa upole, shikamoo mama, ukimwua leo hatutajua kitu. Mfunge kwa mnyororo mahali watoto hawafiki, mpe chakula na maji, mtazame siku 10. Mbwa ambaye mate yake yalikuwa na kirusi siku alipouma huugua na kufa kabla ya siku hizo kwisha. Akibaki mzima, basi hakuwa na kichaa siku ile. Sindano za mtoto, akasema, zisingoje siku hizo, ziendelee.

Halafu akaomba kipande cha kanga kuukuu. Akakifanya kitanzi, akakipitisha juu ya pua ya Simba, akakikaza, akakifunga chini ya taya, kisha nyuma ya masikio. Alitueleza kwamba mdomo wa mbwa usifungwe hivyo kwa muda mrefu wala juani, kwa sababu mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hupoza mwili kwa kuhema, ulimi nje. Akaligeuza lile fundo la nyuma ya sikio.

Chini yake kulikuwa na kidonda ukubwa wa kifuniko cha soda, na ndani ya kidonda kulikuwa na funza wa nzi, hai, wanacheza. Fundo lilikuwa limeziba ngozi isipate hewa, ngozi ikaoza kwa unyevu, nzi wakataga. Mwanetu alikuwa amelivuta fundo lililoshikamana na nyama mbichi. Mtu yeyote angeuma.

Tuliona haya ambayo hatujui kuyaandika. Mama mkwe aliweka rungu chini, akaenda jikoni. Alirudi na maji ya moto.

Bwana mifugo alipitisha chanuo kati ya fundo na ngozi, akakata juu ya chanuo, si chini yake. Aliwatoa funza mmoja mmoja kwa kibano, akaosha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu lita, akamchoma Simba sindano. Chanjo tuliyoikosa aliahidi kuileta baada ya zile siku 10, na aliileta.

Siku zile 10 hatutazisahau. Kila alfajiri aliyetoka nje wa kwanza alikuwa mama mkwe, na alichokwenda kutazama ni kama Simba anakunywa maji. Siku ya tano Simba hakugusa chakula. Tulikaa kimya nyumba nzima, hata redio haikufunguliwa. Jioni akala. Bwana mifugo alisema ni maumivu tu ya kidonda. Siku ya kumi ilipopita, mtoto mwenyewe ndiye aliyemfungua mnyororo, mkono wake bado una bandeji.

Tangu hapo tumejifunza kumchana mbwa, na tutawaeleza tunavyofanya.

Kwanza mjue manyoya yenyewe. Mbwa wa aina hii amevaa nguo mbili. Ya nje ni manyoya marefu, magumu kidogo, yanayozuia mvua na jua. Ya ndani ni laini kama pamba, imekaribiana sana na ngozi. Hiyo ya ndani hung'oka kidogo kidogo mwaka mzima, na kwa majira fulani hung'oka kwa wingi. Isipotolewa kwa chanuo hunaswa ndani ya yale ya nje, na hapo ndipo mafundo yanapoanzia hata bila kishona nguo. Kwa hiyo kupitisha brashi juu juu hadi mbwa ang'ae ni kujidanganya. Sisi tulifanya hivyo mwezi mzima wa kwanza, tukasifiwa na wageni, kumbe chini kulikuwa kama blanketi.

Namna ya kweli ni hii. Mlaze mbwa ubavu, kivulini, akiwa ameshatembea na kuchoka kidogo. Kwa kiganja kimoja pandisha manyoya juu mpaka uione ngozi, kama tunavyogawa nywele za binti kabla ya kusuka. Chana mstari mmoja mwembamba kuanzia kwenye ngozi kwenda nje, kwa chanuo la meno mapana. Kisha shusha mstari mwingine, uchane. Anzia miguu, malizia mgongo. Mahali pa kutazama zaidi ni nyuma ya masikio, kwapani, tumboni karibu na mapaja, chini ya mkia, na popote kamba ya shingo inaposugua. Mtoto wa kike aliyezoea kusukwa atayaelewa haya kwa dakika moja. Baba watoto ilimchukua majuma matatu.

Ukikuta fundo, usivute. Lishike kwa vidole kwenye shina, kati ya fundo na ngozi, ili uvutaji usifike kwenye ngozi. Tia mafuta ya nazi kidogo, lipasue kwa vidole vipande viwili, kisha vinne, uchane kila kipande kuanzia nchani. Fundo lililokataa likatwe, na chanuo likae kati ya mkasi na ngozi. Ngozi ya mbwa ni nyepesi na huvutika pamoja na fundo, kwa hiyo mkasi unaoingia bila kinga unakata nyama kabla hujajua. Na kama mbwa ananguruma au anakuondolea kichwa unapogusa mahali fulani, acha. Huyo anakuambia pana kidonda. Mwiteni bwana mifugo, wala msimwadhibu kwa kunguruma. Tumesikia watu wakimpiga mbwa kila anaponguruma. Mbwa wa namna hiyo hujifunza kunyamaza, siku moja akauma bila onyo.

Kuoga sasa. Hapana, mama, si kila juma. Mbwa anayechanwa mara mbili kwa juma hanuki sana. Sisi tunamwogesha Simba mara moja kwa mwezi, na mara nyingine miezi miwili inapita. Kuoga kupita kiasi huondoa mafuta ya ngozi, akaanza kujikuna. Kuna kosa moja ambalo karibu kila mtu hulifanya, nasi tulilifanya: kumwogesha ili mafundo yalainike. Ni kinyume chake. Fundo likilowa hukaza kama kamba ya katani. Chaneni kwanza, kila fundo litoke, ndipo maji. Maji yawe ya uvuguvugu, sabuni ya mbwa kama inapatikana dukani, au sabuni isiyo kali ya mtoto. Sabuni ya unga ya kufulia mwiliache kwa nguo. Suuzeni mpaka maji yatoke meupe kabisa, kisha suuzeni tena, kwa sababu povu linalobaki katika manyoya ya ndani huwasha. Masikioni maji yasiingie. Na mwogesheni asubuhi, siku ya jua, maana mbwa wa manyoya mengi akilala na unyevu, ngozi inaoza kama ile mliyokwisha kuisikia. Taulo kuukuu mbili hazitoshi. Tunatumia tatu, kisha tunamchana tena akiwa anakauka.

Sisi tunachota maji kisimani, na ndoo nne za mbwa ni ndoo nne. Hilo lilileta maneno nyumbani. Mbwa aliletwa na baba watoto, lakini kuchota, kuosha na kufagia manyoya kulikuwa kwetu, kama kawaida. Tulizungumza, si mara moja. Sasa Jumatano mwanetu yule aliyeumwa ndiye anayechana, kwa kuwa aliomba mwenyewe, na Jumamosi ni ya baba watoto pamoja na maji yake. Jumamosi mbili za kwanza alikuwa na dharura. Ya tatu hakuwa nayo.

Jambo jingine la ujirani: tunamwogesha nyuma ya nyumba, mbali na njia ya kisimani, na maji yanaingia shimoni. Jirani zetu wengi ni Waislamu, na mate ya mbwa na uchafu wake kwao ni najisi. Jirani yule nesi hajapata kutuambia neno. Ndiyo maana tunaangalia zaidi.

Matandiko ya mbwa nayo yasianikwe chini penye unyevu. Yapo mainzi yanayotaga mayai kwenye nguo mbichi na kwenye mchanga wenye mkojo, na mabuu yake huingia ndani ya ngozi ya mbwa na ya mtoto vilevile. Ndiyo sababu mama zetu walitufundisha kupiga pasi nepi. Gunia la Simba tunalianika kamba ya juu, jua kali, tunaligeuza.

Tukifika kwenye kupe inabidi tuseme habari ya tumbaku. Manyoya mengi ni nyumba ya kupe. Huwaoni mpaka uchane. Kila mara tunapochana tunatazama ndani ya masikio, kati ya vidole, kwapani na shingoni. Kupe mmoja mmoja hutolewa kwa kibano, umshike karibu kabisa na ngozi, uvute polepole bila kuzungusha, wala usimpasue kwa kucha. Kupe huleta homa kwa mbwa: ufizi unakuwa mweupe, mkojo unageuka rangi kama chai ya rangi au damu, mbwa hataki kusimama. Ukiona hayo usingoje kesho.

Basi huku kwetu watu wengi huchemsha majani ya tumbaku, wakamwogesha mbwa kwa maji yale. Kupe hufa, ni kweli. Lakini sumu ya tumbaku hupita kwenye ngozi. Mama wa Usoke, Urambo au Kaliua aliyechuma majani yenye umande asubuhi anajua: kichwa kinauma, tumbo linachafuka, unatapika, mikono inatetemeka, na hukuvuta hata sigara moja. Sasa mbwa mwenye manyoya mengi hubeba maji yale juu ya ngozi kwa saa nyingi, tena hujilamba. Anadondosha mate, anatapika, anatetemeka, na aweza kufa. Mafuta ya taa huunguza ngozi, nayo akiyalamba ni sumu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo ni ya ng'ombe, na kukisia kipimo kwa kifuniko cha chupa ni kucheza na uhai. Nunueni dawa ya mbwa kwa uzito wa mbwa wenu, muulize bwana mifugo. Mwenye paka ndani ya nyumba aseme pia kwamba ana paka, kwa sababu baadhi ya dawa za kupe za mbwa, zenye permethrini, huua paka. Na sisi tulio karibu na pori la miombo tuangalie macho ya mbwa: yakianza kuwa na ukungu mweupe, huku anakonda na kupata homa, pengine ni ugonjwa wa mbung'o, maana mbung'o haumi ng'ombe peke yao.

Limebaki swali la kunyoa. Mwezi wa kumi Tabora ni mwezi wa joto kuliko yote, na mwezi wa kumi uliofuata sisi tulikwenda kwenye mkutano wa akina mama siku tatu. Baba watoto akabaki na watoto, mbwa, na huruma. Akaazima mashine ya kunyolea, akamnyoa Simba mwili mzima, akamwachia kichwa na ncha ya mkia. Tuliporudi tulidhani ni mbuzi mgonjwa. Mama mkwe alikuwa amecheka mpaka ameketi chini. Lakini haikuwa kicheko tu. Nguo ile ya nje ndiyo kivuli cha mbwa, na ikiondolewa, jua hupiga ngozi moja kwa moja. Ndani ya siku nne mgongo wa Simba ulikuwa mwekundu na unabanduka, ikabidi akae ndani ya banda mpaka jua lizame. Manyoya yalirudi kwa kuchelewa, kwanza yale ya ndani ya pamba, mabaka mabaka, na yalishika kishona nguo kuliko zamani. Ilichukua zaidi ya mwaka kufanana na mwenyewe.

Kwa hiyo mama mpendwa uliyetuandikia, usimnyoe. Punguza kwa mkasi manyoya yaliyo kati ya vidole, yaliyo chini ya mkia ili asijichafue, na kidogo tumboni. Yaliyobaki yachane mpaka ile pamba ya ndani itoke, hewa ifike kwenye ngozi. Hiyo ndiyo baridi yake. Mpe kivuli na maji, umtembeze asubuhi na jioni. Wapo mbwa wengine, kama wale wa poodle, ambao nguo yao ni moja tu inayokua bila kukoma kama nywele zetu. Hao hunyolewa, ndiyo desturi yao. Kwa hiyo kabla ya mkasi jua mbwa wako ni wa namna gani: pandisha manyoya, na ukikuta pamba chini yake, rudisha mashine kwa mwenyewe.

Na ile kadi ya chanjo, itazame leo. Mtoto wa mbwa huanza kuchanjwa akiwa na miezi mitatu, kisha mara moja kwa mwaka. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na mahali pengi uchanjaji hufanywa karibu na siku hiyo, kwa hiyo ulizeni ofisi ya mifugo mapema. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Sisi mwaka jana tulipita nyumba kwa nyumba na jirani yetu nesi kuwakumbusha watu. Tulimkuta mzee mmoja ana mbwa sita na kadi moja.

Mwanetu sasa ana alama mbili ndogo kwenye kidole gumba. Manyoya anayoyatoa Jumatano anayaweka juu ya ua, na ndege huyachukua kujengea. Mama mkwe analalamika kwamba uwanja mzima umejaa pamba. Lakini jana jioni tulimwona ameketi kwenye kigoda chini ya mwembe, Simba ameweka kichwa miguuni pake, naye anamtoa kishona nguo singani kimoja kimoja, anamsema kwa Kinyamwezi. Chanuo alilokuwa nalo ni letu lile jipya, la kichwani. Karanga mwezi ujao.